Mama Mikunjo na Ukurasa wa Pili

Asubuhi ya kawaida nyumbani kwa Mama Mikunjo ilikuwa hivi: chai bado ya moto, na cherehani mbili tayari zinakimbizana sebuleni. Kwenye kona, pasi inafuka mvuke. Mshika pasi ni mume wake, Mzee, ambaye hupiga pasi huku anaimba nyimbo asizojua maneno yake. Mapazia yananing'inia kila mahali. Ukitaka kwenda jikoni, unapenya katikati ya mapazia kama mtu anayeingia jukwaani kuigiza.

Jina la Mama Mikunjo alipewa na wateja. Mikunjo ya mapazia yake ilisimama wima, yote sawa, kama wanafunzi kwenye mstari. Cherehani ya pili ilikuwa ya mkwe wake, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe ni dereva wa lori, na kumkuta nyumbani ni bahati. Lakini mama na mkwe walipatana. Walikula pamoja, walicheka pamoja, walimteta Mzee pamoja.

Mkwe huyu alijua kompyuta kidogo. Ndiye aliyewafungulia ukurasa kwenye mtandao, ili mtu akitafuta fundi mapazia kwa simu yake, awakute. Maneno ya ukurasa yalitoka kinywani mwa Mama Mikunjo. Yeye alisema, mkwe akaandika.

"Andika yote," aliagiza. "Usinikate hata neno moja."

"Sikati, mama."

Basi ukurasa ukawekwa mtandaoni, na wote wakasubiri simu ya kazi iite.

Cha ajabu, badala ya kuita zaidi, simu ikaanza kunyamaza. Zamani mtu aliambiwa na rafiki yake, "Nenda kwa Mama Mikunjo," naye akapiga. Sasa hata hao hawakupiga. Mzee alisema labda simu imeharibika. Akaipigia mwenyewe kwa simu yake ya vitufe. Ikaita vizuri tu.

Halafu asubuhi moja mteja wa zamani akapiga.

"Pole, Mama Mikunjo," alisema. "Nimejua mmeacha kazi."

"Nani kaacha kazi?"

"Si nyinyi? Mmeandika wenyewe kuwa hamshoni mapazia."

"Tumeandika wapi?"

"Kwenye mtandao, mama. Nilitafuta jina lako nikakuta maneno hayo. Ikabidi ninunue yale ya tayari kwa Bwana Rula. Ila nikasema nikupe pole. Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa," alisema Mama Mikunjo polepole. "Sijui ni nini. Lakini nitajua."

Bwana Rula aliuza mapazia ya tayari upande wa pili wa barabara. Aliitwa hivyo kwa sababu hakutembea bila rula mfukoni, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipima chochote.

Mama Mikunjo akakata simu. Akageuza shingo. Mkwe wake alikuwa ameinamia simu yake, midomo inacheza, vidole vinagongagonga meza kama mtu anayehesabu. Alipoona anatazamwa, akaifunika simu kwa kitambaa.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

Hakuna kitu. Mama Mikunjo aliyarudia maneno hayo kichwani. Mtu asiye na kitu hafuniki simu.

"Hebu nionyeshe ule ukurasa wetu," alisema.

Mkwe akaufungua, tena bila kusita. Mama Mikunjo akavaa miwani akausoma wote. Jina lake lilikuwepo. Maneno yake yote yalikuwepo. Palikuwa pameandikwa wazi: "Hatushoni mapazia bila kufika kwako na kupima dirisha sisi wenyewe, na kupima ni bure."

"Sawasawa kabisa," alisema. Moyoni hakuona sawasawa yoyote.

Mchana ule akaja muuza nyuzi, yule anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Mama Mikunjo akamvuta nyuma ya pazia zito la rangi ya kahawa.

"Una simu nzuri. Tafuta 'fundi mapazia' kisha nionyeshe."

Muuza nyuzi akatafuta. Bwana Rula akatokea juu kabisa. Chini yake kidogo palikuwa na mstari mnene wa buluu: "Mapazia ya Sebuleni, Mapazia ya Chumbani, Mapazia ya…" Kisha vidoti vitatu, basi. Chini ya mstari huo, maandishi madogo: "Karibu sana mteja wetu. Sisi ni watu wa kazi safi na maneno ya ukweli. Hatupokei oda kwa simu tu. Hatukubali vipimo vya kukisia. Hatushoni mapazia…"

Na vidoti vitatu tena.

Mama Mikunjo akasoma mara ya pili. Maneno ni yake, lakini jina lake hakuna. Kupima bure hakuna.

"Kumbe ni kweli mmeacha," alisema muuza nyuzi. "Sasa hizi nyuzi nimpe nani?"

"Nipe mimi. Na usimwambie mtu ulichokiona."

Alipoondoka, Mama Mikunjo alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pasi.

"Baba," alinong'ona, "kuna kurasa mbili."

"Za nini?"

"Moja ya kunionyesha mimi. Nyingine ya kuwaonyesha wateja."

Mzee akaisimamisha pasi. "Nani kafanya hivyo?"

"Nani anaweza kufanya hivyo humu ndani? Wewe?"

"Mimi hata kuzima kengele ya simu kunanishinda."

"Basi hesabu mwenyewe tumebaki nani."

Mzee akatazama upande wa cherehani ya pili. Mkwe alikuwa anashona huku amekaza macho, uzi umemshika nywele. "Huyu? Huyu anayekuamsha kwa chai? Akufanyie hivyo apate nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nachunguza."

"Unachunguza au umeshahukumu?"

"Piga pasi, baba."

Kuanzia hapo Mama Mikunjo akawa na macho mawili ya ziada. Mkwe akitoka nje kuongea na simu, yeye alikumbuka nguo za kuanua. Mkwe akicheka na ujumbe, yeye alikohoa. Na kesho yake alichungulia dirishani. Mkwe wake alikuwa anatoka dukani kwa Bwana Rula. Tena alitoka kwa haraka, anatazama huku na huku kama mtu aliyeazima kitu bila kuomba.

Basi, kwa Mama Mikunjo kesi ikaisha hapo. Mkwe amenunuliwa na Bwana Rula.

Alimpigia mwanawe. "Ukirudi na hilo lori lako, nina jambo juu ya mke wako."

"Jambo gani, mama?"

"Si la kwenye simu. Endesha gari vizuri."

Kisha akachukua kitambaa, akaifunika cherehani ya pili. Mkwe aliporudi akaikuta imefunikwa.

"Pumzika, mwanangu," alisema Mama Mikunjo bila kumtazama. "Kazi zenyewe ni chache."

Mkwe akasimama pale, mkono juu ya kitambaa. Alielewa. Aliingia jikoni, na kwa mara ya kwanza vyombo vilioshwa kwa kelele.

Mzee hakuimba tena siku ile. "Kama unamfukuza mtoto wa watu," alisema, "uwe na uhakika. Mwanao hatakubali kukaa hapa bila mke wake. Utabaki na mimi na pasi."

Maneno hayo yalimwingia. Mama Mikunjo akaona anahitaji ushahidi. Na ushahidi ulikuwa nyuma ya ukuta tu, kwa jirani yao, dada mmoja aliyefanya kazi nyumbani ya kurekebisha makala za gazeti la mtandaoni. Mtaa mzima ulimwita Mhariri.

Mama Mikunjo akaenda kwake na kisingizio cha kuazima mkasi. Mhariri akashangaa. Nyumba ile ilikuwa na mikasi mingi kuliko vijiko.

"Karibu, mama. Mkasi gani hasa?"

"Achana na mkasi. Nataka unitafutie ukurasa wa pili." Akamweleza yote: mteja aliyempa pole, muuza nyuzi, simu iliyofunikwa, duka la Bwana Rula.

Mhariri akavuta kompyuta yake. "Ngoja nimwite mkwe wako, atupe…"

"Usimwite. Mtuhumiwa hakai na mpelelezi."

"Haya, mpelelezi. Kaa hapa karibu." Mhariri akatafuta. Yale yale yakatokea: mstari wa buluu uliokatwa, maandishi madogo yaliyokatwa. "Ni haya?"

"Hayo hayo. Umeona uovu huo?"

"Sasa bonyeza hapo kwenye buluu. Wewe mwenyewe."

Mama Mikunjo akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa mashaka, kama anayegusa pasi kujua kama ina moto. Ukurasa ukafunguka. Ulikuwa ule ule alioonyeshwa na mkwe. Jina lake lipo. Maneno yote yapo.

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena.

"Rudi nyuma," alisema. Mhariri akarudi nyuma. "Nenda tena." Akaenda tena. "Sasa ule wa pili uko wapi?"

"Hakuna wa pili, mama. Ukurasa ni mmoja. Hiki ulichokiona kwanza ni dirisha dogo tu la kuuchungulia."

"Dirisha la nani?"

"La mtambo wa kutafuta. Mtu akitafuta, mtambo humletea orodha ya kurasa. Kila ukurasa unapewa nafasi ndogo ya kujitambulisha. Mstari mmoja wa kichwa, na mistari miwili hivi ya maelezo. Nafasi hiyo ina kipimo. Sasa niambie wewe fundi. Pazia likiwa refu kuliko dirisha, unafanya nini?"

"Nakunja pindo."

"Mtambo haujui kukunja pindo. Unakata."

Mama Mikunjo akakubali kwa kichwa. Halafu shaka ikarudi kwa mlango mwingine. "Na kwa nini umekata jina langu? Kati ya maneno yote, likatwe jina langu?"

"Uliliweka wapi?"

"Mwisho. Nembo ya fundi hushonwa mwisho kabisa, kwenye pindo la chini. Huwezi kuiweka juu, mteja atakucheka."

"Ndiyo hiyo, mama. Mtambo unaanza kusoma mwanzo na unakata mwisho. Kwenye pazia, nembo inakaa chini. Kwenye kichwa cha ukurasa, cha chini hakionekani."

"Na hili la kusema hatushoni?"

"Hapo bahati ilikuwa mbaya. Tuhesabu." Mhariri akanakili yale maelezo, akayabandika kwenye programu ya kuandikia, akafungua sehemu ya kuhesabu maneno. "Unaona? Hapa inasema idadi ya maneno. Hapa inasema idadi ya herufi. Maelezo yenu yote yana herufi mia mbili na kumi na tano. Nafasi inayoonekana ni kama mia moja na hamsini, sitini hivi, na kwenye simu huwa pungufu. Ukifika neno 'mapazia' umeshatumia mia moja arobaini na sita. Kwa hiyo kila mtu amesoma 'hatushoni mapazia', akaondoka."

"Umezidisha. Herufi zangu si nyingi hivyo."

"Nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Nukta nayo. Mkato nao."

"Hata pale pasipo na kitu?"

"Hata pale. Dirisha halijali kama ni ua au ni kitambaa kitupu. Linapima upana."

Hilo Mama Mikunjo alilielewa vizuri kuliko alivyotaka. Akabaki na swali moja tu, na alilishika kama mtu anayeshika tawi la mwisho.

"Basi aliyeandika ndiye mkosaji. Kwa nini aandike mambo marefu hivyo?"

"Maneno ni ya nani?" aliuliza Mhariri.

Mama Mikunjo akavua miwani, akaikunja.

"Ni yangu," alisema.

"Yote?"

"Nilimwambia asinikate hata neno moja."

Mhariri hakucheka, ingawa alilazimika kunywa maji. "Sasa nimwite?"

Mkwe akaja amejifunika kanga mabegani, amejiandaa kwa mabaya. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mama Mikunjo hakutaka kuzunguka.

"Ulikwenda kufanya nini kwa Bwana Rula?"

Mkwe akamtazama, akamtazama na Mhariri. "Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nilimshuku yeye, mama. Nilikuta maelezo yetu yamekatwa pale pale pabaya, nikadhani kalipa mtu atuharibie. Nikajifanya nanunua ndoano za mapazia ili nichungulie simu yake inaonyesha nini."

"Ukaona nini?"

"Yale yale. Halafu yeye akanishuku mimi. Akaniuliza nimetumwa na nani kupekua simu yake. Ikabidi ndoano nizinunue kweli."

"Na ile simu uliyoifunika siku ile?"

Mkwe akainamisha kichwa. "Nilikuwa nahesabu herufi kwa vidole. Nilisoma mahali kwamba kichwa kikiwa kirefu kinakatwa. Nikataka kukipunguza. Lakini ulisema nisikukate hata neno. Nikaogopa utafikiri nakuondoa jina."

"Ungeniambia."

"Ungenisikiliza?"

Kila mtu chumbani alijua jibu, hata paka wa Mhariri.

"Leo nasikiliza," alisema Mama Mikunjo. "Tuanze."

Walianza na kichwa. Kichwa cha zamani kilikuwa na herufi mia moja na saba. Mhariri akasema chenye kuonekana vizuri ni kama hamsini mpaka sitini. "Si sheria ya polisi," alisema. "Mtambo unapima upana, na herufi nene hula nafasi kuliko nyembamba. Simu nayo si sawa na kompyuta. Lakini ukibaki chini ya sitini, mara nyingi unasalimika. Sasa, mteja wenu anatafuta nini?"

"Mapazia."

"Ya tayari?"

"Ya tayari aende kwa Rula. Kwetu tunapima, tunashona."

"Basi hayo ndiyo ya mwanzo."

Mkwe akaandika: "Kupima na Kushona Mapazia – Mama Mikunjo". Wakahesabu. Arobaini.

"Na sebuleni?" aliuliza Mama Mikunjo. "Na chumbani? Na ofisini?"

"Hizo tunazitaja ndani ya ukurasa, mama," alisema mkwe. "Hapa ni mlangoni tu."

Yakafuata maelezo. Hapo Mama Mikunjo alipigania kila neno kama anapigania kitambaa cha mwisho sokoni. Alitaka "karibu sana" ibaki. Mhariri akamwonyesha kuwa "karibu sana mteja wetu" imekula herufi ishirini na tatu na bado mteja hajui anakaribishwa kwenye nini.

"Lakini ni adabu."

"Adabu umwonyeshe akipiga simu. Hapa mwambie kwanza anachokuja kupata. Na mwambie mnachofanya. Usianze na msichofanya."

"Mimi huanza na masharti mlangoni, ili tusije kugombana baadaye."

"Mlangoni ameshafika, mama. Huku bado yuko barabarani."

Mwisho wakakubaliana hivi: "Tunafika kwako, tunapima dirisha bure, tunashona mapazia na kuyatundika. Nyumba, ofisi, shule na hosteli. Piga simu tupange siku ya kupima." Herufi mia moja thelathini na tisa. La muhimu liko mbele, kwa hiyo hata simu ikikata mkia, mteja ameshaelewa.

"Ila mjue jambo moja," alisema Mhariri. "Wakati mwingine mtambo hauchukui maelezo haya. Unachagua wenyewe maneno kutoka ndani ya ukurasa. Kwa hiyo na huko ndani pasafishwe."

Huko ndani sasa. Mhariri akahesabu ukurasa mzima. Ulikuwa na maneno karibu elfu mbili, na neno "mapazia" lilijitokeza kila baada ya hatua mbili.

"Hilo nililifanya makusudi," alisema Mama Mikunjo. "Muuza vitambaa wa jumla aliniambia ukurasa mrefu ndio unaopanda juu. Na neno ulirudierudie, mtambo usikusahau."

"Hakuna idadi ya maneno inayokupandisha peke yake," alisema Mhariri. "Na ukirudiarudia, mtambo unaweza kudhani unaudanganya. Mteja naye anachoka. Hesabu ya maneno ni kama futi yako. Inakuambia urefu. Haikuambii kama pazia ni zuri."

"Sasa tuandike maneno mangapi?"

"Mteja akipiga simu huwa anauliza nini?"

Mkwe akajibu haraka, maana yeye ndiye aliyepokea simu. "Anauliza mnapimaje. Vitambaa gani mnavyo. Itachukua muda gani. Mnatundika wenyewe au fundi mwingine. Na mko wapi."

"Jibuni hayo. Yakiisha, nyamazeni. Kama yameisha kwa maneno mia nne, ni mia nne. Kama mna mengi ya kweli ya kusema, yawe mengi. Lakini kila sentensi ifanye kazi."

Yaliisha kwa maneno kama mia nne. Mama Mikunjo aliusoma ukurasa mpya kwa sauti, akatulia. "Mbona nimeonekana na akili zaidi?" alisema.

Usiku haukuingia kabla hajaenda kwenye cherehani ya pili. Akaifunua, akakunja kile kitambaa, akakiweka begani kwake. Mkwe alikuwa mlangoni.

"Nilikushuku," alisema Mama Mikunjo.

"Nilijua, mama. Hata chai ulikuwa unainusa kwanza."

"Niliinusa?"

"Mzee ndiye aliyekuwa anakutania, eti nimeweka sumu ya panya."

Mzee akapiga pasi kwa bidii sana.

Lakini msidhani shaka hutoka mwilini kwa siku moja. Kesho yake Mama Mikunjo alimkamata tena muuza nyuzi. Simu yake ikaonyesha yale yale ya zamani: vidoti vitatu, hatushoni mapazia. Alikimbilia kwa Mhariri.

"Hakubadilisha," alisema. "Alitudanganya sote, na wewe umo."

"Amebadilisha, mama, nilimwona. Mtambo haujapita kwenu kuusoma upya. Hupita kwa zamu zake. Siku kadhaa, pengine wiki."

"Na ninyi mlijuaje utapita?"

"Ndio kazi yake. Subiri."

Kusubiri kulimshinda. Mwanawe alirudi na lori, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuomba hata maji. "Mama, ulisema una jambo juu ya mke wangu."

Mkwe akaacha kushona. Mzee akaacha pasi. Mama Mikunjo alimtazama mwanawe, akamtazama mkwe. Ushahidi wa kuona kwa macho yake hakuwa nao bado. Alikuwa na neno la mkwe tu, na la jirani.

"Ninalo," alisema. "Mke wako anafanya kazi sana na wewe humletei zawadi. Kaoge, ule."

Mkwe akaendelea kushona, lakini mshono ule ulikwenda kombo, ikabidi aufumue.

Baada ya hapo zikapita siku nyingine za kuchungulia simu za watu. Mama Mikunjo aliomba simu ya mpiga rangi, ya mama wa genge, hata ya mgeni aliyepotea njia. Bado. Bado. Halafu mchana mmoja akaingia mwanamke mrefu, mlezi wa hosteli ya wanafunzi, simu mkononi.

"Hapa ndipo wanapopima bure na kutundika?" aliuliza. "Nina madirisha mengi na kila moja lina upana wake. Ya tayari hayanikai."

"Nionyeshe ulichosoma," alisema Mama Mikunjo, kabla hata ya salamu.

Mlezi akamwonyesha, akidhani ndio utaratibu wa pale. Mama Mikunjo akasoma kichwa chote mpaka jina lake. Akasoma maelezo yote mpaka nukta ya mwisho. Hapakuwa na kidoti hata kimoja.

"Karibu sana mteja wetu," alisema. Sasa adabu ilikuwa na mahali pake.

Wakapanga siku ya kupima. Mlezi alipoondoka, simu ya kazi ikaita, na Mzee akaipokea kwa sauti ya meneja wa benki. Mama Mikunjo akavuta kiti mpaka kwenye cherehani ya pili.

"Kile kichwa chetu kina herufi arobaini, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwisho ni kama sitini."

"Ndiyo. Unataka kuongeza sebuleni?"

"Sitaki sebuleni." Alishika kipande cha uzi kilichoanguka kwenye bega la mkwe wake, akakitoa. "Baada ya jina langu, ongeza 'na Mkwe'."

Mkwe akachukua simu. Hakuifunika. Aliandika polepole, huku mama yake mkwe anahesabu naye kwa vidole, nafasi na zote.

"Arobaini na nane," alisema mkwe.

"Haikatwi?"

"Haikatwi, mama."

"Basi iache hivyo."